Bushi ya Mkomafi

Mti wa mkomafi, ndugu yake mkoko, ukichemshwa kutwa nzima ndani ya oili chafu hutoa harufu ambayo sijaikuta popote pengine, na nimepita pengi. Si harufu ya moshi wala ya gereji. Ni kitu kilicho katikati ya tope la mikokoni, ngozi mbichi na mafuta ya kukaangia yaliyorudiwa mara nyingi. Nimekaa Mwanza, nimekaa Mtwara, nimelala miezi minane Tunduma na miwili kwenye kambi ya mkaa karibu na Manyoni, na kila ninapohamia hunusa hewa ya pale siku ya kwanza bila kukusudia, kama mtu anayepapasa mfukoni kutafuta ufunguo. Sijaipata. Harufu ile ilibaki Kibiti, nyuma ya nyumba ya Fundi Salum, katika mwaka mmoja wa ile miaka ya ruksa, nami nilikuwa na miaka kumi na moja.

Nilifika huko kwa safari ya siku nne. Mama alikuwa amefariki mvua zilizotangulia, na bibi yangu wa Tabora akaamua kwamba mtoto wa kiume aliyefika umri wangu akae na baba yake. Baba alikuwa dereva huko Rufiji tangu sijaanza shule. Nilimjua kwa barua, na kwa picha moja aliyopigwa ameegemea Landrova, mguu mmoja juu ya bamba. Nilipanda treni daraja la tatu pamoja na jirani yetu aliyekuwa akipeleka asali, tukakaa juu ya madebe yake njia nzima, na nilipotua Dar es Salaam nilikuwa ninanata kuanzia viwiko hadi kope. Baba alinitambua kabla sijamtambua. Alikuwa mfupi kuliko picha. Alinishika kichwa, akanusa asali, akacheka, akaniambia kwamba nyuki wa Tabora wamenikabidhi salama. Landrova ilikuwa ileile, ya kijani kilichofifia, iliyokuwa mali ya chama cha ushirika mpaka ushirika ulipoanza kuuza vitu vyake. Sasa ilikuwa ya Bwana Nasoro wa Kibiti, mnunuzi wa kamba wanaovuliwa kwenye delta ya Rufiji, na baba alikuwa amehama nayo kama meza ihamavyo na droo zake.

Lilikuwepo jambo moja ambalo picha haikulionyesha. Pedeli ya klachi ikikanyagwa ilikuwa hairudi. Bushi zake, yaani vile vipete vya shaba ambamo mhimili wa pedeli hujizungusha, zilikuwa zimelika upande mmoja mpaka tundu limekuwa na umbo la yai, kwa hiyo pedeli ililala ubavu na kung'ang'ania chini. Ya breki ilikuwa na ugonjwa huohuo, ila haujakomaa. Baba alikuwa amefunga ugwe wa katani kwenye pedeli ya klachi, na alipokuwa peke yake aliuvuta kwa mkono huku akiendesha kwa mkono mwingine. Siku ile ugwe alinipa mimi. Akisema vuta, navuta. Akisema achia, naachia. Barabara ya kusini wakati huo ilikuwa mchanga hadi magurudumu yazame, kisha tope, kisha mchanga tena, na kila penye shimo alibadilisha gia. Mvua ilitukamata tukalala Mkuranga. Tulipoingia Kibiti kesho yake alasiri, viganja vyangu vilikuwa vimetoka malengelenge na mawili yamepasuka. Baba aliyapaka grisi, akanifunga kitambaa, akasema, "Wewe sasa ndiye klachi yangu." Nililala na sentensi hiyo siku nyingi. Mtoto aliyefiwa na mama huokota neno kama hilo akalificha chini ya mto.

Kibiti ya mwaka ule ilikuwa kama nyumba ambayo mlango wake umefunguliwa ghafla. Kila mtu alikuwa anauza kitu. Nguo za mitumba zilimwagwa kwenye maturubai, redio za kaseti zilishindana duka kwa duka, na wanunuzi wa kamba walishuka delta na masanduku ya barafu, mambo ambayo watu waliniambia hayakuwepo miaka miwili nyuma. Bwana Nasoro alikuwa mkubwa wao. Alivaa kanzu nyeupe hata siku za kupakia, na alikuwa ameagiza pikapu iliyotumika kutoka Japani, ambayo aliizungumzia kama mtu anavyomzungumzia mchumba asiyewahi kuonana naye. Nani ataiendesha ndilo lililokuwa swali la mji. Baba aliamini ni yeye. Lakini Bwana Nasoro alikuwa na mtoto wa dada yake Dar es Salaam mwenye leseni mpya, na mara kwa mara alimtaja jina lake mbele ya baba, polepole, ili lisikike vizuri. Kwa hiyo baba alihitaji Landrova isimwaibishe katika miezi ile michache iliyobaki. Spea za pedeli zile hazikupatikana tena hata Dar es Salaam. Akaipeleka kwa Fundi Salum.

Fundi Salum alikuwa Mndengereko mwenye asili ya Kiongoroni, kule mwisho wa delta karibu na bahari, na kwao walikuwa mafundi wa mbao kwa vizazi. Kazi ya chuma alijifunzia kwenye ushirika. Mikono yake ilikuwa mifupi na minene, na alikuwa na tabia ya kumsalimia mgonjwa kabla ya mwenye mgonjwa: aliinama chini ya usukani, akaitikisa pedeli ya breki kwa vidole viwili, ndipo akasema asalaam aleikum. Sisi tulikuwa Wanyamwezi, naye mtu wa pwani, na hao ni watani tangu enzi za misafara ya pembe. Mtani anaweza kukuambia chochote na huruhusiwi kununa. Alimwambia baba kwamba hakushangaa pedeli kulala ubavu, kwa kuwa babu zake waliizoea mizigo ya kichwani na hawakufundishwa kazi ya miguu. Baba akamjibu kwamba afadhali kichwa kuliko kukaa uchi topeni ukizungumza na kaa. Wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa sijawahi kuona watu wazima wakitukanana kwa raha namna ile.

Kazi ilichukua siku tisa, na nilikuwa ndani yake tangu asubuhi ya kwanza, kwa sababu shule ilikuwa imefungwa na baba alikuwa Nyamisati, bandari ndogo ya delta, akipakia kwa gari la kukodi. Fundi alichagua kipande cha mkomafi kilichokuwa kimezikwa topeni mwaka mzima. Alinieleza kwamba mti ule umezoea maji ya chumvi na maji baridi kwa zamu, mara mbili kwa siku, maisha yake yote, kwa hiyo hakuna kitu kinachoweza kuutisha. Alikikata vipande viwili vya urefu wa kidole cha shahada, kimoja cha klachi na kimoja cha breki, akavitumbukiza kwenye debe la oili chafu na kuviweka juu ya moto mdogo. Vilichemka kutoka chai ya asubuhi hadi sala ya alasiri. Mapovu madogo yalitoka kwenye mti bila kukoma, na Fundi alisema hiyo ni pumzi yake inatoka na mafuta yanaingia mahali pake. Mapovu yakikatika, bushi imeshiba, haitaomba grisi tena. Kuvitoa vikiwa vya moto ilikuwa mwiko. Vilipaswa kupoa ndani ya oili ileile hadi asubuhi. Nilikaa kando ya debe kutwa nikihesabu mapovu, na hapo ndipo harufu ile iliponiingia.

Kesho yake alileta kerezo, mashine ya baba yake ya kukerezea miguu ya vitanda: magogo mawili, misumari miwili iliyoelekeana, na mkanda wa ngozi unaozungushwa kwenye mti. Mmoja anavuta mkanda mbele na nyuma, mwingine anashika patasi. Nilipoukamata mkanda nilicheka, nikamwambia Fundi kwamba kazi hii naijua, nilikuja nayo kutoka Dar es Salaam. Nilivuta siku mbili. Bushi ya klachi ilitoka safi. Ya breki, ilipoanza kung'aa, ilionyesha mstari mweusi kutoka ukingo mmoja hadi karibu na katikati, mwembamba kama unywele. Nikaacha kuvuta. Nikamwuliza kama imepasuka. Fundi hakunicheka. Aliichomoa, akaipuliza vumbi, akaniambia nipitishe ukucha juu ya mstari. Nilipitisha. Ukucha haukukwama. "Ufa hushika ukucha," alisema. "Huo ni mwaka wa mvua nyingi. Mti nao una kumbukumbu." Kisha akaipigilia mahali pake kwa nyundo ya mti, si ya chuma, akinionyesha kwamba unagonga na kusikiliza, unagonga na kusikiliza, na sauti inapobadilika kutoka ya ngoma kuwa ya jiwe, unaacha.

Zilibaki nyayo za pedeli. Chuma kilikuwa kimesuguliwa na miaka ya viatu vya baba hadi kimekuwa laini kama kisahani cha chai, na pedeli ya breki ilikuwa imelika zaidi kona ya kulia, kwa sababu baba alikanyaga kwa upande wa dole gumba. Fundi alinipa kipande cha tairi kuukuu na kisu, akaniambia hiyo ni kazi yangu, yeye haingilii. Nilikata raba mbili. Nilikata mara nne, mbili nikaziharibu. Kwenye ya breki nilichora mistari ya kukatana, kina cha nusu ukucha, na kona ya kulia nikaiacha nene zaidi kwa ajili ya dole gumba la baba. Tulizikaza kwa skrubu nne kila moja. Baba aliporudi alikanyaga klachi, ikashuka, ikarudi yenyewe bila ugwe na bila kelele. Akakanyaga tena. Akanitazama. Akasema sasa umenifukuza kazi ya kukuita klachi, kwa hiyo kuanzia leo wewe ndiye breki. Fundi akasema heri, Wanyamwezi hatimaye wamepata kitu cha kuwasimamisha.

Kwa wiki tano hivi nilikuwa mtu. Nilipita mjini nikiangalia magari ya wengine kwa huruma. Watoto wa chuo cha Kurani walinifuata kuniuliza kama ni kweli gari la Bwana Nasoro lina kiungo cha mti, nami niliwaeleza mambo ya mapovu kama mtu aliyesoma ng'ambo. Bwana Nasoro mwenyewe alikuja siku moja kulitazama, akainua upindo wa kanzu, akachungulia chini. Akamwambia baba kwa sauti ya kusikika barazani kote, "Kassim, gari langu mmelivalisha katambuga?" Watu walikufa kwa kicheko. Viatu vya tairi vilikuwa vya wachunga ng'ombe na wauza mkaa. Wenye viatu vya ngozi vya mitumba hawakutaka hata kuviona. Baba naye alicheka, lakini nilikuwa nimesimama karibu naye na niliona kicheko kile kilikuwa cha mdomo tu. Bwana Nasoro aliongeza kwamba pikapu ikija haitakuwa na mambo ya katambuga, wala dereva wa katambuga. Fundi Salum hakuwepo. Nilisubiri baba aseme kitu, walau kwamba raba zile nilizikata mimi. Aliingia garini akaondoka.

Ajali ilitokea Nyamisati asubuhi ya mvua ndogo. Sikuwepo, nilisimuliwa, na kila aliyesimulia alisimulia hivihivi. Baba alikuwa anateremka taratibu kuelekea majini penye mitumbwi, amevaa ndala zenye tope, na Landrova ikakataa kusimama. Ilipita katikati ya matenga ya kamba, ikambana mchukuzi mmoja, Omari, mtu wa Mbuchi, kijiji cha ndani ya delta, kwenye lundo la boriti, kisha ikaingia mtoni na kuzama hadi vitasa. Omari alivunjika mguu mara mbili chini ya goti. Alikuwa na mke, watoto watatu wadogo, na shamba la mpunga ambalo lilitakiwa kupandwa mwezi uleule.

Siku ya tano ndugu zake wawili walikuja Kibiti kwa mtumbwi na kwa miguu. Walikaa kwenye baraza la Bwana Nasoro pamoja na mwenyekiti wa kijiji, na shauri lao lilikuwa fupi. Hawakutaka polisi. Walitaka mwenye kosa aende Mbuchi akalime, apande, alinde ndege na kuvuna shamba la Omari, mpaka Omari atakaposimama kwa miguu yake. Ndivyo ilivyofanywa kwao. Kwa hiyo palikuwa na watu wawili tu wa kuchagua: dereva au fundi. Baba akienda Mbuchi kulima msimu mzima, pikapu ingeendeshwa na mtoto wa dada. Fundi akienda, hakuna Landrova wala baiskeli ambayo ingeletwa tena nyuma ya nyumba yake, kwa kuwa angekwenda kama mtu aliyemvunja mwenziwe kwa kazi mbovu.

Asubuhi ya siku hiyo baba alinichukua pembeni, akachuchumaa ili macho yetu yawe sawa. Alinieleza kwamba bushi ya breki ilipasuka, kwamba aliona kwa macho yake vipande vikielea mtoni. Sikuwa na sababu ya kutomwamini. Nililia, nikidhani nimeshiriki kumvunja Omari. Akaniuliza kama niliona chochote wakati wa kukereza. Nikamwambia juu ya mstari mweusi. Akaniambia, "Basi wataniuliza, nami nitakuita. Sema ulichokiona. Mtoto haandikiwi dhambi." Nimezirudia sentensi hizo tatu maisha yangu yote. Kila moja peke yake haina kosa.

Barazani baba alianza kwa yaleyale ya utani. Alisema jamani, mtani wangu huyu alinipa gari lenye goti la mti. Watu wakacheka, kwa sababu walishazoea. Fundi naye alicheka, akasema goti la mti lina nguvu kuliko kichwa cha Mnyamwezi. Halafu baba akasema kwa sauti nyingine kwamba goti lile lilipasuka, na kicheko kikakatika. Nilimwona Fundi akiendelea kutabasamu kwa muda mfupi baada ya wengine kuacha, akisubiri mwisho wa mzaha. Alipoelewa kwamba haupo, aliomba gari litolewe mtoni lifunguliwe, watu waone. Mwenyekiti akasema trekta haliwezi kuingia pale hadi tope likauke, na ndugu za Omari wakasema mvua za kupandia hazitangoja trekta. Ndipo nilipoitwa.

Nilisema niliona mstari. Mmoja wa ndugu akauliza mstari au ufa. Nilimtazama baba. Hakunikonyeza wala hakunitisha; aliniangalia tu kama siku ile alipokuwa ananifunga kitambaa. Nikasema ufa. Fundi Salum aliuliza swali moja, kwa upole. "Ulipitisha ukucha?" Nikasema nilipitisha. "Ukakwama?" Na hapo nikanyamaza, kwa sababu nilijua jibu, na nilijua pia vipande vilionekana vikielea, na mambo hayo mawili hayakuingia pamoja katika kichwa changu. Baba akasema msimsumbue mtoto. Kimya changu kikachukuliwa kuwa ndiyo.

Jirani mmoja wa Fundi, mwenye hasira kuliko yeye, alisimama akasema basi isomwe halbadiri. Watu wa bara huenda hawajui uzito wa neno hilo kule. Ni kisomo cha kumshitaki kwa Mungu mtu aliyesema uongo au kukana kosa; kikishasomwa hakirudi, na watu wameacha vitu vya wizi milangoni mwa wenyewe kwa kusikia tu kwamba shehe ameitwa. Baraza zima lilimgeukia Fundi, kwa kuwa haki ya kukitaka ilikuwa yake. Nilimwona baba akishika goti lake mwenyewe. Fundi alinitazama mimi, kwa muda mrefu. Kisha akasema hataki. Akasema halbadiri haimwulizi mtu umri, inaanza na aliyetamka, na aliyetamka hapa ni huyu mdogo. Alivaa kofia yake, akawauliza ndugu za Omari mtumbwi unaondoka saa ngapi. Watu waliona amekiri. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba baba alikuwa amelifikiria jambo hilo tangu asubuhi, alipochuchumaa. Alijua Fundi Salum angeona afadhali kulima tope la mtu mwingine msimu mzima kuliko kumwombea mtoto laana. Aliniweka mbele yake kama mtu anayevuka mvua na jani la mgomba.

Trekta lilivuta Landrova hadi Kibiti wiki ya nne na kuitupa nyuma ya ghala, magurudumu juu ya matofali. Pikapu ilikuwa imefika, nyeupe, na baba akiiendesha. Ijumaa moja watu walipokuwa msikitini nilichukua spana mbili na bisibisi, nikaingia chini ya usukani. Nyayo za pedeli zilikuwa tupu. Chuma kitupu, laini, kinang'aa hata kwenye matope. Nilifungua sanduku la vifaa chini ya kiti na nikazikuta raba zangu zote mbili zimefungwa pamoja kwa ule ugwe wa katani, na skrubu nane zimewekwa ndani ya kikopo. Zilitolewa kwa utaratibu, na mtu asiyekuwa na haraka. Nikafungua nati, nikachomoa mhimili, nikagonga kwa mpini wa bisibisi jinsi nilivyofundishwa, na bushi ya breki ikanidondokea kiganjani. Nzima. Nilipitisha ukucha upande huu na upande ule. Ndala yenye tope juu ya chuma kilicholainika, mteremko wa mvua: ndicho kilichomvunja Omari. Baba alikuwa amezifungua raba kwa sababu ya kicheko cha barazani juu ya katambuga. Na vipande vilivyoelea havikuwahi kuwepo.

Fundi Salum alirudi siku moja kuchukua kerezo lake. Alikuwa amekonda na miguu yake imepasuka kwa maji ya shamba. Nilimpa bushi. Aliingiza kidole kidogo ndani yake, akakizungusha, akainusa. "Imekunywa vizuri," alisema, kana kwamba hilo ndilo lililokuwa swali. Nilimwuliza kama anataka niseme. Alinirudishia akajibu, "Hilo usimwulize mtu, mtani." Akabeba magogo yake, nusu begani na nusu chini ya kwapa, mkanda wa ngozi ukiburuta nyuma yake barabarani.

Nilimwambia baba usiku uleule. Nilimwonyesha bushi na raba. Hakukasirika, na hiyo ndiyo iliyonidanganya. Alivishika kimoja kimoja, akanipa, akakubali kwamba ni haki kusema. Akasema Bwana Nasoro amesafiri, akirudi keshokutwa tutakwenda pamoja, mimi ndiye nitakayeongea, na yeye baba atasimama pembeni yangu. Nilijiona nimempata tena yule wa picha. Keshokutwa nilioga, nikavaa shati la shule, nikaiweka bushi kwenye mfuko wa kifuani na kukaa kiti cha mbele cha pikapu. Klachi yake ilishuka na kurudi kama kitu cha majini. Haikuhitaji mtu wa kuvuta.

Siku hizi Kibiti haina safari. Lami imenyooka, na mara nne nimepita pale nikielekea Mtwara au nikirudi. Basi hushusha watu, wachuuzi huuza korosho dirishani, nalo huondoka. Sijawahi kushuka. Niliwahi kusikia kwa mtu wa Ikwiriri kwamba Omari alitembea tena kwa fimbo, na kwamba Fundi Salum hakugusa gari tena, alibaki delta akichonga mitumbwi hadi uzee wake. Baba nilimzika mimi, Tabora, na hatukuwahi kulizungumza. Bushi ninayo. Haina harufu tena, nimeinusa sana. Nikipanda gari lolote, la kukodi au la rafiki, jicho langu la kwanza huenda chini, mguuni kwa dereva, na watu hudhani nina woga wa ajali. Magari sasa hayana mti wala katambuga. Pedeli zake ni nzuri, zote zinafanana, na huwezi kujua nani amezikanyaga. Mimi nilijifunza mapema kwamba breki ikiwa nzima bado inahitaji mtu anayetaka kusimama.

Asubuhi ile tulikata kona ya soko, na ghala la Bwana Nasoro likaonekana, mlango wazi, yeye mwenyewe barazani na kanzu yake, kama mtu ambaye hakusafiri popote. Nilishika mlango nikijiandaa kushuka. Bwana Nasoro aliinua mkono kumsalimia baba, na baba akapiga honi mara mbili. Kisha nyumba za mwisho zikapita, mchanga wa njia ya Dar es Salaam ukaanza, na nilipogeuka nyuma niliona, chini ya turubai kati ya masanduku ya barafu, begi langu nililokuja nalo kutoka Tabora, limefungwa zipu. Niligeuka tena mbele. Nilitazama chini, mguu wa kulia wa baba. Ulikuwa umetulia juu ya mafuta. Breki hakuigusa.